Unga Niliouanika Juu ya Paa

Jumapili, 7 Septemba. Riyadh

Basi ya kampuni imechelewa tena kutoka Batha, tunakolala. Nimefika hoteli saa mbili. Nimepiga deki, nimeosha trei za mwanzi, nimebeba katoni za maji kutoka kwa lori. Mgongo uko sawa leo.

Hii hoteli inapika kitu moja. Tambi za Wajapani. Zinaitwa soba. Rangi ya jivu. Hakuna nyama. Watu wanakuja na magari makubwa, wanakula, wanarudi tena. Sielewi.

Bosi ametuita jikoni. Abu Turki, mwenye hoteli. Amesema anafungua ingine Jeddah mwezi wa kumi. Watu watano wataenda. Hao watano ikama zao, vibali vya kukaa hapa, zitatoka kwa kampuni zije kwake, yeye ndio atakuwa kafili, mdhamini wao. Wengine wanarudi kwa kampuni.

Ikama yangu inaisha mwisho wa Oktoba. Kampuni imeshasema haiifanyi upya. Halas. Nikirudi kwao narudi nyumbani Mumias.

Nataka kwenda Jeddah. Si kwa sababu ya kazi. Zuhura amezikwa Jeddah. Mke wangu. Alikuwa anafanya kazi kwa nyumba ya watu huko. Akaumwa, akafa. Sasa ni miaka miwili na miezi mitatu. Mimi nilikuwa shambani nakata miwa. Nilipigiwa simu wakiwa wameshamzika. Kaburi lake sijaliona. Ndio maana nilijiandikisha kuja hii nchi. Kampuni ikaniweka Riyadh.

Basi ya Jeddah ni masaa kumi na mbili kwenda peke yake. Off yangu ni nusu siku. Nimeomba ruhusa mara mbili. Mafi, hakuna.

Kwa hiyo ni hiyo list ya bosi. Nikikosa hapo sitamfikia tena.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimebeba, nimeosha, nimepiga deki.

Mzee Morita ameanza mtindo mpya. Yeye ndio fundi wa tambi, ametoka Japani, ana kama miaka sabini. Hazungumzi sana. Amesema kila mfanyakazi lazima akae mezani ale kama mteja kabla hatujafungua mlango. Mmoja kila siku. Wote, hata wa kuosha vyombo. Anasema huwezi kubeba kitu hujui utamu wake.

Leo ilikuwa zamu ya Rofik. Rofik ni wa Bangladesh, ndio anamsaidia Mzee kukanda. Unga uko chini yake, na funguo ya friji kubwa ya unga iko kwa shingo yake. Alikula, akasema very good sir. Mzee ana daftari lake, hakuandika kitu.

Kesho mimi.

Wafula ameniambia, "Baba Shabani, jikaze. Hizo ni minyoo imekufa na baridi." Wafula ni waiter, mtu wa Bungoma. Anaongea Kiingereza kizuri, kwa hiyo ndio anatutafsiria. Mdomo wake haupumziki.

Jumanne, 9 Septemba

Zamu yangu. Nimevaa shati ya Ijumaa. Mzee amenikalisha meza ya dirishani. Wafula ameniinamia kama mimi ni sheikh. "Karibu bosi. Leo tuko na tambi, tambi, na kama hutaki hizo, tambi."

Zinakuja baridi. Zimelazwa juu ya kamkeka ka mwanzi, ndani ya kasanduku. Pembeni kikombe cha mchuzi mweusi. Kitunguu cha majani kimekatwa nyembamba. Na kitu kijani kama dawa ya meno. Hiyo kijani nilikula yote mara moja. Machozi yakatoka, pua ikafunguka mpaka kisogoni. Wafula akageukia ukuta, mabega yanatingika.

Vijiti nimeshindwa, Mzee akaniacha nipigane navyo. Hakunipa uma.

Unachukua tambi kidogo, unachovya ncha tu kwa mchuzi, unakula. Mchuzi ni wa samaki aliyekaushwa na soya. Kwao wanaweka pombe kidogo ndani. Hapa hapana. Mzee anaweka asali ya tende. Anasema haijafikia ya kwao, lakini ndio hivyo.

Nilitafuna polepole, mdomo nimefunga. Mzee akaja akatingisha kichwa. Akachukua tambi akavuta kwa sauti, kama ng'ombe amefika mtoni. Akaninyooshea mkono, nifanye hivyo. Wafula akasema ukivuta na hewa ndio harufu inapanda puani. Kwetu mtoto akila hivyo anapigwa mwiko. Nimevuta. Nimeona aibu. Nina miaka hamsini na moja.

Mwisho wanaleta yale maji yamechemshia tambi, meupe. Unamimina kwa mchuzi uliobaki, unakunywa. Hiyo nimependa. Hiyo ni uji.

Mzee akauliza, vipi? Rofik alisema very good. Mimi nikasema haishibishi.

Wafula aliogopa kutafsiri. Nikamwambia tafsiri. Mzee akacheka kidogo, akatoa daftari. Akauliza, harufu? Nikafikiri. Nikasema ni kama maganda ya maharagwe yamekauka, halafu mvua ya kwanza inayanyeshea. Hiyo Wafula alitafsiri muda mrefu. Mzee akaandika.

Amesema Jumamosi nitakula tena.

Jumatano, 10 Septemba

Bosi amesema Jumamosi anakuja mzee wa Jeddah, mwenye jengo. Atakula hapa. Akipenda, anatoa jengo na tunaenda. Asipopenda hakuna Jeddah. Siku hiyo hiyo majina matano yatabandikwa.

Wafula anasema Mzee Morita amenitaja kwa bosi. "Amesema yule anasema ukweli aende."

Nimefurahi. Sikuonyesha mtu.

Alhamisi, 11 Septemba

Unga mpya umefika kutoka Japani kwa ndege. Mifuko sita ya karatasi. Wa zamani unaisha kesho. Nimeibeba kutoka kwa lori. Rofik alikuwa na homa, ameenda kliniki, akaniachia funguo. Akaniambia kwa ishara niweke kwa friji na nijaze ndoo kutoka mfuko wa kwanza.

Nikaweka. Baada ya saa moja nikatoa mfuko wa kwanza nijaze ndoo. Nikashika unga. Baridi, na una unyevu. Umeshikana vidonge vidonge. Nikanusa. Kama nguo haijakauka vizuri. Nikafungua wa pili. Hivyo hivyo.

Kwetu unga ukiwa hivyo kesho ni ukungu, keshokutwa ni wadudu. Hakuna mtu wa Mumias anaona unga hivyo aende zake. Nikaona huu unga umeloa njiani, na Jumamosi ni keshokutwa, na Rofik hayuko.

Nimechukua shuka mbili safi za meza. Nimepanda paa. Nimeanika yote, mifuko sita, nyembamba, kama tunavyoanika nyumbani. Nikaweka mawe kwa pembe za shuka. Jua lilikuwa la kweli. Kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Nikaugeuza kwa mkono kila mara. Nikakaa hapo hapo kufukuza njiwa.

Umekauka ukawa kama vumbi. Nimeuchekecha, nimerudisha kwa mifuko, nimefunga vizuri. Kazi nzuri. Sikumwambia mtu, si kitu ya kuambia mtu. Ni kazi tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumefungua baada ya swala. Watu wengi. Unga wa zamani umeisha wote.

Nimempigia Saida. Alikuwa rafiki ya Zuhura, wamefanya kazi mtaa mmoja, sasa yuko na madam mwingine huko huko Jeddah, karibu na mtaa wa Bani Malik. Nimemwambia labda nakuja. Akasema, "Shemeji, usinidanganye. Mwaka jana ulisema hivyo."

Nikamwambia safari hii kuna list.

Ndio anajua makaburi ni yapi. Siku ya mazishi alifuata gari mpaka kwenye geti. Wanawake hawaingii, kwa hiyo hajui ni wapi ndani.

Jumamosi, 13 Septemba

Mbaya.

Asubuhi Mzee na Rofik wameanza kukanda. Nilikuwa napanguza milango. Niliona Mzee amesimama. Akaongeza maji. Akasimama tena. Unga hausikii. Ukishikana unapasuka kama ukuta wa udongo. Akausukuma na ule mti mrefu wa kusukumia, ukachanika. Akakata. Tambi zikatoka, zikawekwa kwa maji, zikavunjika vipande vipande. Vya urefu wa kidole.

Akaniita mimi. Nikae, nile.

Nilikaa dirishani. Waliniletea vipande na kijiko, vijiti havingeweza. Nikavuta hewa kama nilivyofundishwa. Hakuna kitu. Hakuna maharagwe, hakuna mvua. Kuna harufu ya karatasi imekaa juani.

Juani. Hapo ndio nilijua.

Mzee akauliza. Nikasema haina harufu. Akauliza kwa nini. Nikasema sijui.

Nimeandika hivyo kwa sababu ndio nilisema. Sijui.

Mzee wa Jeddah amekuja saa saba na watu watatu. Mzee Morita amekataa kuwapa chakula. Bosi alimfuata jikoni, akamwambia wape hata hivyo, hawajui tofauti. Mzee akavua aproni akaikunja akaiweka mezani. Basi bosi akatoka akasema leo hakuna soba. Wageni wakanywa chai, wakaenda.

Bosi akarudi na moto. Nani aliacha friji wazi? Funguo iko kwa nani? Kila mtu akaangalia Rofik. Rofik alisema alikuwa kliniki. Bosi akasema ndio hiyo, umeacha wazi ukaenda kliniki. Yalla, rudi kwa kampuni yako.

Rofik akaniangalia mara moja. Anajua funguo ilikuwa kwangu. Hakusema. Sijui kwa nini hakusema.

Na mimi sikusema.

Majina hayakubandikwa. Hoteli imefungwa mpaka mzigo mwingine uje.

Jumapili, 14 Septemba

Tumekuja kusafisha tu.

Rofik ameambiwa amalizie mpaka kesho halafu aende. Ameosha ndoo za unga moja moja, akazikausha, akazipanga. Ana watoto wanne. Miaka mitano yuko kwa hizi jikoni. Yeye ndio alinionyesha kushika vijiti kwa siri, baada ya ile siku.

Nimemwambia Wafula yote. Tulikuwa nyuma, kwa mapipa. Amefungua mdomo, hakutoa utani. Halafu akasema, "Nyamaza, Baba Shabani. Huyo si ndugu yako. Unataka kaburi ama unataka sifa?"

Nataka kaburi.

Nikinyamaza naenda Jeddah. Nafika pale, nasimama, nasema nini? Zuhura, nimekuja, nimempanda mtu mgongoni. Alikuwa mkali kwa mambo kama hayo. Aliwahi kunirudisha sokoni, kilomita nne, kwa sababu mama wa nyanya alinizidishia chenji.

Nikisema, narudi Mumias na yeye anabaki huko peke yake.

Ni uoga. Sitaki kuita jina lingine.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimesema.

Nilifika mapema nikamkuta Mzee anakunywa chai peke yake. Sina Kiingereza cha kusema jambo kama hilo. Nikamshika mkono wa shati. Nikampandisha paa. Nikatandika shuka pale pale, nikaweka mawe pale pale. Nikaonyesha jua. Nikaonyesha mimi. Kwa mikunjo ya shuka kulikuwa na unga umebaki. Akaushika na vidole viwili, akaunusa, akanitazama.

Wafula akaja mbio akatafsiri. Nikasema niliona una unyevu, kwetu tunaanika. Mzee akauliza, ulianika muda gani? Nikasema masaa matatu. Akauliza, uliugeuza? Nikasema ndio, kila mara, ukauke wote. Alifunga macho.

Akakaa juu ya tofali karibu na tenki ya maji. Mimi nilisimama.

Halafu Mzee akaeleza. Unyevu ni kwa sababu ulitoka kwa baridi ukaingia kwa joto, kama chupa ya soda. Ungekauka wenyewe. Huu unga uko hai kwa ile harufu, na harufu inaogopa joto. Alisema bila kelele. Ingekuwa heri angepiga kelele.

Bosi alipiga kelele za kutosha. Kiarabu, Kiingereza, zote. Akasema mimi hapana Jeddah. Mwisho wa Oktoba, ndege. Rofik anabaki.

Rofik amerudi kwa ndoo zake. Hakunisalimia. Nimeelewa.

Nimempigia Saida nikamwambia hakuna tena. Akasema, "Nilijua." Halafu akasema pole. Sauti yake ilikuwa ya mtu amechoka na mimi.

Alhamisi, 18 Septemba

Deki. Vyoo. Madirisha. Siruhusiwi kupita mstari wa jikoni.

Kampuni imepiga simu. Ndege ni tarehe 28 Oktoba. Nikasema sawa.

Sina hasira. Niko mtupu tu.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo nimebeba jiwe.

Bosi alikuwa ameagiza jiwe la kusagia kutoka Japani, la kuweka kwa dirisha la Jeddah kama pambo. Liko stoo tangu Julai, ndani ya sanduku la mbao. Ni mawe mawili ya mviringo, moja juu ya lingine, na mkono wa mti wa kuzungushia. Mzee Morita amesema lifunguliwe. Amesema unga uliosagwa hautaagizwa tena. Zitakuja mbegu. Mbegu hazifi upesi. Tutasaga kila asubuhi unga wa siku hiyo tu, basi.

Tulilibeba watu wanne. Mimi chini.

Magunia mawili ya mbegu yalifika jana. Nyeusi, ndogo, zina pembe tatu. Sikujua unga wa kijivu unatoka kwa kitu cheusi hivyo.

Mzee akamweka Rofik azungushe. Rofik alienda haraka. Mzee akaweka kidole kwa unga, akasema simama, moto. Wafula akajaribu. Mizunguko kumi na tano, akasema mkono umekufa, akaomba mota. "Mwambie Mzee hata nyanya yangu alinunua ya umeme." Mpishi wa Misri akajaribu. Haraka, pole, haraka, pole. Unga ukatoka mwingine mchanga, mwingine vumbi.

Mimi nilikuwa nyuma ya mstari na ufagio wangu. Mzee akaniita kwa kidole. Bosi akasema no no. Mzee hakugeuka.

Nimeshika mti. Nikazungusha. Jiwe lina mwendo wake, ukilisikiliza. Miaka ishirini nimekata miwa. Mtu anayekata haraka asubuhi, saa sita yuko chini. Unakata kwa pumzi. Nikazungusha kwa pumzi. Kila mara nikaweka vidole kwa unga. Kila nikihisi joto nikapunguza. Nilikuwa naogopa hilo joto kama nyoka. Hakuna aliyenifundisha kuliogopa. Lilinifundisha lenyewe Jumamosi ile.

Sikuona muda umeenda. Nilipoinua kichwa trei ilikuwa imejaa na wote wamesimama wananiangalia. Mzee akachota, akaweka kiganjani, akanusa. Akaninusisha.

Maganda ya maharagwe. Mvua.

Akaongea na Wafula maneno machache. Wafula akamgeukia bosi akatafsiri. "Anasema hapa ndani hakuna mtu anajua joto linafanya nini kwa unga kama huyu. Wengine wote wameambiwa tu."

Bosi akasema huyu ndio ameharibu mifuko sita. Mzee akasema ndio. Ndio maana atasaga, kila siku, mpaka mkono wake uzoee. Jiwe likienda Jeddah anaenda nalo.

Bosi akauliza kama hiyo ni adhabu ama ni zawadi. Mzee alishaenda kunawa mikono.

Jumatatu, 22 Septemba

Bado sijaambiwa kitu na bosi. Nasaga tu. Saa moja mpaka saa nne. Bega linauma, si vibaya.

Rofik ameniletea chai. Ameiweka chini karibu na jiwe, akaenda. Haikuwa na sukari. Nimekunywa.

Jumatatu, 29 Septemba

Mzee wa Jeddah amekuja tena. Safari hii peke yake.

Nilisaga asubuhi. Mzee Morita na Rofik wakakanda. Mti wa kusukumia ulikuwa unapita bila kusikika. Tambi zikatoka ndefu.

Niliwekwa nyuma ya pazia la jikoni. Nikachungulia. Mzee wa Jeddah alianza kama mimi, mdomo umefungwa, anatafuna kama mtu yuko mbele ya kadhi. Wafula akamwelekeza kwa adabu. Yeye akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuta. Mchuzi ukaruka kwa kanzu nyeupe, matone matatu kifuani. Wafula akakauka. Bosi akasimama.

Yule mzee akaangalia kanzu yake, akacheka mpaka akakohoa. Akavuta tena. Akaomba trei ya pili.

Saa kumi bosi akabandika karatasi. Majina matano. Mzee Morita hakuhesabiwa, yeye ni yeye. Rofik. Wafula. Wawili Wafilipino. Mimi wa mwisho, na kalamu tofauti.

Nimeenda stoo nimekaa juu ya gunia.

Jumapili, 5 Oktoba. Jeddah

Tumekuja na lori, jiwe limefungwa kamba katikati yetu. Wafula ameimba njia yote mpaka Rofik akamtupia kiatu.

Chumba chetu kiko mtaa wa Ghulail. Watu wanne. Nje kuna mama anauza mandazi, ananisemesha Kihausa, mimi namjibu Kiswahili, tunaelewana bei.

Hapa hewa yenyewe ni maji. Shati halikauki. Mzee anapunguza maji kwa unga kila siku na anagombana na hali ya hewa kwa Kijapani.

Jiwe limewekwa dirishani, na mimi nyuma yake. Watu wanasimama barabarani kuniangalia. Bosi alitaka pambo. Amepata.

Jumatano, 8 Oktoba

Mzee anasema kwao ukihamia mahali unawapelekea majirani soba. Tumepeleka. Kinyozi wa Yemen ameila na mkate, amechovya mkate. Mzee alipoambiwa akauliza kama alimaliza. Alimaliza. Basi, akasema.

Bosi amenionyesha kwa simu yake. Mahali pa kafili kuna jina lake sasa. Ikama imehama. Tarehe 28 siendi popote.

Nimemwambia Saida niko Jeddah. Hakuamini mpaka nikapiga picha ya bahari.

Ijumaa, 17 Oktoba

Saida amepewa siku na madam wake. Amekuja na teksi ya kushea. Ni mara ya kwanza namuona uso kwa uso. Mfupi, ana mikono ya kazi. Tumeenda baada ya swala.

Amebaki nje karibu na ukuta. Mimi nimeingia. Ni mchanga na mawe. Hakuna majina. Mlinzi akauliza namba ya kaburi. Sina. Nikamwambia mwezi na mwaka. Akanyoosha mkono. Kutoka bomba ile mpaka ukuta ule. Labda makaburi mia mbili.

Nilidhani nikifika nitajua. Sikujua.

Nimewasalimia wote. Nimesoma Fatiha mwanzo wa safu, nikasoma katikati, nikasoma mwisho. Nikasimama mpaka kichwa kikapata moto. Nikatoka.

"Umemuona, shemeji?"

"Nimeona mahali."

"Basi. Wengine hata mahali hawana."

Hakuwa amekula tangu alfajiri. Nikampeleka hoteli, ilikuwa bado hatujafungua, hapa Ijumaa tunafungua jioni. Mzee Morita akatutazama, akavuta kiti cha meza ya ndani. Mimi sikukaa. Nilimletea trei mwenyewe.

Alikula kimya. Sikumwambia kuhusu sauti. Akafika nusu, akaacha vijiti, akawa anaangalia zile tambi.

Akasema, "Miezi miwili ya mwisho Zuhura mkate ulikuwa haupiti. Wala wali. Hapa," akashika koo. "Nilikuwa namchemshia tambi zile za watoto, nazivunja. Hizi zingepita."

Kwa simu Zuhura aliniambia anakula vizuri. Kila wiki nilimuuliza. Kila wiki, vizuri.

Nikamuuliza Saida, Zuhura alikuwa anakula kiasi gani. Akanionyesha na vidole. Kidogo sana. Nikauliza nani alikuwa anamlisha. Akasema yeye, kila jioni, na mchana pia madam wake akilala. Nikauliza Zuhura alikuwa anasema nini. Akasema alikuwa anamwambia, tambi zako hazina chumvi.

Hayo sikuyajua. Sasa nayajua.

Nikasema asante.

Saida akashika vijiti tena. Akamaliza trei. Nikamuuliza kama nimwongeze.

Akasema ndio, kidogo.